Watu Wasio na Rangi

Mteja aliyeleta kazi ile alitaka makanisa, misikiti, mahekalu, mhubiri mmoja wa kila dini, na watu wengi wadogo wasio na nyuso. Hao wadogo, alisema, wasipakwe rangi. Waachwe vile mti ulivyo.

"Bila macho?" baba akauliza.

"Bila chochote, mzee. Ni watu tu."

Baba alikuwa mchongaji pale Gikomba, upande wa nyuma ya maseremala, ambapo wanaume wa kutoka kwetu Ukambani huketi juu ya magunia wakichonga twiga na vifaru vya kuuziwa watalii. Mimi nilikuwa napiga msasa. Nilimaliza darasa la nane nikaishia hapo, na baba akanileta Nairobi nikae naye Makongeni, katika chumba alichoachiwa na ndugu yake aliyefanya kazi ya reli. Mama alibaki nyumbani na wadogo zangu na shamba. Kazi ya msasa ilinifaa kwa sababu mtu anayepiga msasa haulizwi kitu. Tangu utotoni sauti yangu haitoki mbele ya watu. Shuleni mwalimu aliniuliza swali, darasa lote likanyamaza kunisubiri, na jibu ninalo kabisa, lakini linakwama kooni hadi mwingine analisema.

Mteja mwenyewe alikuwa kijana aliyefundisha kompyuta Kariobangi, kwenye ghorofa iliyokuwa juu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Tulimwita mwalimu. Katika kompyuta yake kulikuwa na mchezo ambao wanafunzi waliupenda kuliko masomo, na kwa vile umeme ulipotea mara kwa mara, alifikiri kuutoa humo ndani na kuuweka juu ya ubao, watu waucheze kama wanavyocheza bao.

"Ni mchezo wa akili, lakini wa dunia nzima," alimwambia baba. "Kila mmoja ana watu wake, ana askari wake, ana dini yake. Mwenye kuteka wengi ndiye mshindi."

Baba hakuweza kuchonga kitu asichokiona. Tukaenda Kariobangi kutazama.

Chumba kilikuwa na pazia zito dirishani, mchana ule ule, ili kioo cha kompyuta kionekane. Chini yetu mafundi waligonga vyuma. Kwenye kioo niliona nchi kutoka juu, kama unavyoliona shamba ukiwa umepanda mti, na watu wadogo wakikata kuni, wakilima, wakibeba mawe. Walioishi karibu na kanisa walivaa buluu. Wa msikiti walivaa kijani, na wa hekalu la Kihindi rangi ya machungwa. Nyumba zenyewe zilikuwa moja: kuta zile zile, mlango ule ule, tofauti ilikuwa paa. Mwalimu akajenga kanisa, na pembeni nambari ikapanda.

"Hiyo ni furaha yao," akasema. "Ukiwajengea nyumba ya ibada wanafurahi, hawagomi."

"Wanaingia saa ngapi?" baba akauliza.

"Wapi?"

"Kanisani."

"Hawaingii, mzee. Linasimama tu."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitazama ule mlango mdogo kwa muda mrefu, kama anayengoja mtu atoke.

Pembeni kabisa mwa nchi ile, karibu na msitu, palikuwa na moshi, ngoma, na kinyago juu ya mti. Watu wa hapo walikuwa rangi ya udongo. Walilima kijishamba chao, wakirudi na kwenda.

"Hawa ni wa dini gani?"

"Hao hawana. Hao ni wenyeji. Ni wa kuchukuliwa."

"Hicho kinyago," baba akasema, "hata mimi nimekichonga. Tulikitoa kwenye kitabu cha picha. Kwetu hakuna vinyago."

Mwalimu akacheka. "Basi labda walikiona kwako."

Kisha akatuonyesha jinsi wanavyochukuliwa. Mhubiri mwenye kanzu nyeupe alitembea hadi kwa mmoja wa wale wa udongo, akasimama kando yake, akainua fimbo. Sauti ikatoka kwenye kompyuta, kama nyuki ndani ya kopo lililofunikwa. Yule mtu aliendelea kulima. Hakuinua kichwa. Sauti ikaendelea, na jembe likaendelea, halafu mtu akatetemeka kidogo na nguo yake ikawa buluu. Akatupa jembe. Akageuka, akarudi kwenye vibanda vya watu wake aliokuwa akilima nao, akaviwasha moto.

Hakuaga.

"Ni zamu tatu," mwalimu akaeleza. "Mhubiri akikaa kando ya mtu zamu tatu bila kusumbuliwa, mtu ni wake."

"Na yule wa kwanza anaenda wapi?"

Nilishtuka kusikia kwamba ni mimi niliyeuliza. Baba naye alishtuka.

"Yupi, dada?"

"Yule aliyekuwa kabla."

"Ni yule yule. Amebadilika rangi tu."

Tulirudi Gikomba na kazi ikaanza. Baba alichonga nyumba na wahubiri kwa mti mzuri wa muhugu. Wale wadogo aliwatoa kwenye vipande vilivyobaki, kila kimoja na umbo lake, mnene, mwembamba, aliyeinama. Aliyepaka rangi alikuwa mama mmoja wa Pumwani, Mwislamu, mjane, mwenye kujua kuchanganya rangi ya viatu na mafuta hadi mti ukang'aa kama ngozi. Aliketi karibu nami miaka yote ile, akiongea kwa ajili yetu sote wawili.

"Hebu nione imamu wangu," alisema siku ile, akachukua mhubiri wa kijani. Akamgeuza huku na huku. "Fundi! Na upanga wa nini?"

"Ndivyo alivyo kwenye picha."

"Imamu wetu ana kikohozi, fundi. Upanga ataushika na nini? Na huyu wenu?" Akamchukua wa buluu. "Msalaba mkubwa hivi, atalala wapi?"

"Mchungaji wetu hana msalaba," baba akakiri. "Ana mwavuli."

"Basi mchonge mwavuli! Na mimi uniondolee upanga. Tena usinichongee mtu, nichongee mnara, mtu ni kazi ya Mungu." Akacheka, lakini upanga alimwondolesha kweli, na mnara akachongewa. Kisha akayapanga majengo yote mbele ya miguu yake na kuyaangalia. "Nyumba zote hizi, na sioni hata mmoja aliyeinama kuswali. Wallahi, huu mji unatisha."

Nami niliona hivyo hivyo.

Nyumbani Makongeni tulikuwa na nyanya, mama yake baba. Alikuwa ameletwa kutoka kwetu mlimani kwa ajili ya tumbo. Hospitali walimtazama, kisha wakatwambia kwa upole turudi naye nyumbani tumpe anachopenda kula. Kitanda kilikuwa chake. Baba alilala nyuma ya pazia, mimi sakafuni kati ya kitanda na mlango. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo mimi na nyanya tulikuwa na jina moja, naye aliniita wajina. Aliongea Kikamba tu, Kiswahili alikielewa nusu.

Kijijini alikuwa mganga. Watu walikuja kwake na vichwa vinavyouma na watoto wasiolala, naye aliwatazamia kwa mbegu za kibuyu. Kibuyu kilibaki nyumbani. Alichokuja nacho Nairobi ni maongezi yake. Kila alfajiri, kabla hajasalimia mtu, alitaka mlango ufunguliwe kidogo. Alichovya vidole kwenye kikombe, akadondosha chai sakafuni, akaanza kuongea na aimu, yaani watu wake waliokwisha kufa. Haikuwa kama maombi. Aliwapa habari. Mvua haijafika. Mwanangu anakohoa. Treni ya mizigo imepita, ndefu kuliko ya jana. Kisha alinyamaza kuwasikiliza, akiitikia kwa kichwa, mara nyingine akicheka taratibu kwa jambo aliloambiwa.

Mimi nilijifanya nimelala. Wakati wa ukimya ule baridi iliingia mlangoni na kupita juu ya miguu yangu, kidogo kidogo, kama watu wanaonivuka mmoja mmoja wasinikanyage.

Nyanya hakuwa amebatizwa. Hilo lilikuwa jiwe kifuani mwa baba. Kwetu mlimani majirani wote sasa ni wa kanisa, na kanisa halimwiti aliye nje mtu wake. Akifa vile alivyo, hakuna atakayeimba, na watakaokuja kuchimba na kubeba watahesabika kwa vidole. Baba hakumlazimisha. Alimwomba tu mchungaji wetu awe anakuja Alhamisi alasiri na akina mama wa maombi, wamwombee mgonjwa na kuzungumza naye, akubali mwenyewe.

"Atapata amani," baba aliniambia.

Nami nilimpenda baba na nilimwamini mchungaji, aliyekuwa mtu mpole kweli, mrefu, mwenye ule mwavuli hata wakati wa kiangazi. Lakini nilikuwa nimeona yule mtu akitupa jembe.

Kwa kuwa kazi ya mwalimu ilikuwa ya haraka, nilianza kubeba wale watu wadogo nyumbani niwapige msasa jioni. Nyanya alisikia harufu ya muhugu akanyoosha mkono. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alimpapasa mmoja kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Ni bega lake hili, lililoteguka."

Nikampa mwingine. Akasema ni mjomba wake, yule aliyekuwa mfupi na mgomvi. Akampata na mama yake mzazi. Kila niliyempa alimjua. Alipomaliza akaniambia niwasimamishe dirishani, si vizuri watu wazima kulazwa kwenye mfuko. Niliwapanga wakitazama kitanda. Asubuhi nilipoamka, wote walikuwa wametazama mlango.

"Nyanya, umewageuza?"

"Nifike dirishani kwa miguu ipi?"

Baba alisema ni mtetemo wa treni. Kweli treni zilitikisa chumba chetu, hata vikombe vililia. Lakini vikombe vilikuwa na mikono, na mikono ya vikombe ilikuwa bado inaelekea nilikoiacha. Jioni niliwageuza tena kuelekea kitandani. Asubuhi walikuwa wametazama mlango, safu nzima, bila macho.

"Wanataka kumwona anayeingia," nyanya akasema, na hakuona ajabu yoyote.

Alhamisi ya kwanza mchungaji alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Akina mama walisimama ukutani. Waliimba kwa sauti ya chini, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, midomo ikiwa karibu kufungwa, na ule uimbaji ukajaa chumbani kama nyuki. Niliutambua. Nyanya alilala ametulia, akichezesha vidole juu ya blanketi, kama anayeendelea na kazi yake.

Alhamisi ya pili mchungaji aliinua mkono wakati wa kuomba. Kesho yake alfajiri nyanya aliwapa watu wake habari kwa ufupi, akasikiliza kidogo tu, akageukia ukuta. Hakukuwa na baridi miguuni pangu. Niliwasubiri hadi kukapambazuka kabisa, na hakuna aliyenivuka.

"Wamekuja?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Labda nimechoka."

Zamu moja ilikuwa imebaki.

Wiki ile mwalimu alikuja Gikomba na ubao wake ili tujaribu mchezo kabla hajachukua vitu. Baba alikuwa na kazi, akaniambia nicheze naye. Mwalimu alichukua kanisa. Akaniuliza nataka nini, nikaonyesha wale wa mti.

"Hao hawachezwi, dada. Hao hawana mwenyewe."

"Nijaribu."

Alinihurumia akakubali. Sikuwa na mhubiri, sikuwa na nyumba. Mmoja baada ya mwingine aliwafunga uzi wa buluu shingoni na kuwasogeza upande wake. Nilipobakiwa na mmoja, nilichukua ule mnara wa kijani uliokuwa pembeni, nikauweka kwenye mraba wa ubao uliokuwa kando ya mtu wangu, mahali mhubiri alipotaka kusimama.

Mwalimu akakuna kichwa. "Eh. Hapo umenibana. Dini nyingine ikikaa hapo, hesabu inarudi mwanzo."

Alifunga vitu vyake kwenye katoni siku ile ile, pamoja na wale waliokuwa wamerudi kutoka dirishani kwetu. Alipokwisha kuondoka nilimsogelea mama wa kupaka rangi. Nilikaa karibu naye kwa muda mrefu kabla mdomo haujafunguka.

"Uje kwetu Alhamisi."

Akaacha kitambaa. Nadhani katika miaka yote ile sikuwahi kumwanzia maneno. "Kuna nini, mwanangu?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kwenye kigoda. Kando ya kitanda cha nyanya. Kabla ya saa kumi."

"Mwanangu, waniita kama unayeita kiti!" Akacheka hadi wachongaji wakageuka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. "Haya. Nitakuja na mafuta ya nazi, wagonjwa hukauka miguu."

Akaja kweli. Mchungaji alipofika mlangoni na akina mama wake, alimkuta amekaa kwenye kigoda, buibui limekunjwa mapajani, miguu ya nyanya juu ya magoti yake, akiisugua mafuta. Baba alikuwa amesimama kando asijue la kufanya na mikono yake.

"Hujambo, mama," mchungaji akasema.

"Sijambo, mchungaji. Karibu, ingawa si kwangu."

Mama mmoja wa maombi akakohoa. "Tungeomba nafasi karibu na mgonjwa."

"Nafasi si ipo? Kaeni kitandani."

"Ni kwamba tunataka kuomba."

"Ombeni, mama zangu. Kwani nimewaziba midomo?" Na akaendelea na kisigino.

Waliimba. Nilisimama mlangoni nikikitazama kigoda, kana kwamba nikipepesa macho kitatoweka. Nyanya, aliyekuwa amefumba macho, akainua mkono na uimbaji ukafa.

"Nani amemleta huyu mwenye mikono laini?" akauliza kwa Kikamba.

Baba akanitazama. Wote wakanitazama.

"Wajina," nyanya akasema. "Unazuia nini?"

Treni moja ilipita, vikombe vikalia vikanyamaza, na bado walinisubiri.

"Watakugeuza," nikasema. "Utatutazama usitujue."

Akina mama walinong'ona. Mchungaji hakukasirika. Aliegemeza mwavuli ukutani akainamisha kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo juu ya nguo yake ambalo yeye mwenyewe hakuliona.

"Anasema nini?" mama wa rangi akauliza, maana Kikamba hakukijua. Baba akamnong'oneza. Akaishika miguu ya nyanya kwa mikono yote miwili, na hakusugua tena.

"Mtoto ana hofu yake," nyanya akasema, "na mimi nina yangu. Nimezika watu wengi. Kaburi langu liko juu mlimani, na mwanangu huyu hawezi kunipandisha na watu wawili. Mchungaji, leta maji yako."

Baba akaketi ghafla chini. Mchungaji akaomba karai, na maji yakachotwa kwenye ndoo. Akasimama pale palipobakia, miguuni pa kitanda, akaanza maswali kwa Kikamba.

"Unamkana Shetani na kazi zake zote?"

"Huyo hajawahi kufika kwetu. Namkana."

Mama mmoja alificha kicheko kwenye leso.

"Unaikana mizimu?"

Nilimwona baba akifumba macho. Tulijua sote kwamba jibu hili ndilo lililokuwa likingojewa tangu Alhamisi ya kwanza. Akikataa, mchungaji atachukua mwavuli wake aende. Akikubali, mimi nilijua atakachogeuka kuwa.

"Taja jina," nyanya akasema.

"Jina gani, mama?"

"Kila mmoja ana jina. Yupo dada yangu, yupo mjomba, yupo mama yangu aliyenizaa. Taja mmoja nimkane." Akageuza macho yake ya ukungu kuelekea sauti ya mchungaji. "Wako yuko wapi?"

"Mama yangu? Alitangulia. Mimi nikiwa mdogo."

"Alibatizwa?"

Mchungaji alitazama sakafu. "Hapana," akasema. "Hawakuwa wamefika bado."

"Na wewe ulimkana?"

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa karatasi. Mchungaji akakunja mikono ya shati. Mama mmoja wa maombi akafungua mdomo kumkumbusha kwamba swali halijajibiwa, naye akamtikisia kichwa. Hakulirudia. Akainama kichwani pa nyanya, akachota maji kwa kiganja, mara tatu, na mama wa rangi, aliyesogeza kigoda mbele, ndiye aliyeshika karai chini ya kidevu cha nyanya, maji yasimwagikie blanketi. Mchungaji akampa nyanya jina jipya, la Biblia. La zamani likabaki langu peke yangu.

Nyanya alipata alichokitaka. Mvua zilipoanza tulimrudisha nyumbani, na watu walipokezana jeneza hadi juu mlimani, wengi kiasi kwamba baba hakuruhusiwa kushika hata jembe. Waliimba njia nzima.

Lakini ile Ijumaa, siku iliyofuata ubatizo, bado alikuwa nasi Makongeni, na alfajiri akaniamsha nifungue mlango. Nje palikuwa na ukungu wa moshi. Alichovya vidole, akadondosha chai, akawasalimia. Akawapa habari za mchungaji, za mama mwenye mikono laini, za maji yaliyokuwa baridi. Kisha akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, shingo imeinuka kutoka kwenye mto, na sikumwona akiitikia kwa kichwa.

"Hawajaja?" nikauliza.

"Wapo. Wako hapo mlangoni, nawasikia." Akanitafuta kwa mkono. "Wanaulizana huyu mzee ni nani."

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa ule ule, mkavu, wenye harufu ya nazi.

"Wameniita jina langu," akasema. "Nimeitika. Wanasema si hiyo sauti. Itika wewe, wajina. Jina unalo."

Nyuma ya pazia nilimsikia baba akijigeuza. Alikuwa macho, yeye mzee wa kanisa, na alikuwa akisikia kila neno. Nilingoja anikataze. Hakunikataza.

Nilitazama ule upenyo wa mlango. Hapakuwa na kitu, ila ukungu ulikuwa umesimama pale bila kuingia, wakati upepo ulikuwa ukivuma. Ndipo nikasikia, au nikadhani nimesikia, jina letu likitajwa nje kwa sauti ya mwanamke aliyechoka kusubiri.

"Nipo," nikasema.

Nyanya akaubana mkono wangu. "Endelea. Waambie."

Nikawaambia. Nilisema mzee aliye kitandani ni wetu, ni yule yule, wasimwache. Nikasema maji yalikuwa ya mferejini tu. Nikasema treni ya mizigo imepita na kwamba mvua bado. Sikujua jambo lingine la kuwaambia, nikarudia hayo hayo.

Nyanya aligeuza sikio kuelekea mlangoni, akangoja, kisha nikaona kichwa chake kikianza kuitikia taratibu.

"Ongeza sauti, wajina," akasema. "Walio nyuma hawasikii."